Jengo la Malindi kabla ya masika: anza juu, rangi itasubiri

Dada yangu, waalaykum salaam. Swali lako nimelisoma lote na nnashkuru umeandika kwa urefu, mana wengi wanauliza "nyumba yangu inavuja nifanyeje" basi, hapo mtu unajibu nini. Kwa wengine wanaosoma: bibie ana jengo la kale Malindi, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, la mawe na boriti, chini maduka matatu amepangisha, juu ghorofa mbili za vyumba vya wageni, na juu kabisa nusu imeezekwa bati nusu ni sakafu iliyo wazi, wageni wanakaa jioni wanakunywa chai. Tena ana ghala la matofali Wete, Pemba. Mdogo wake yuko Toronto, kazi yake kusimamia jengo la ofisi, kamtumia orodha ya mambo wanayofanya kila mwaka kabla ya winta. Anauliza mambo matatu: katika orodha ile kipi kinatufaa sisi, kazi azifanye Aprili wageni wakishapungua au vipi, na pesa isipotosha aanze wapi.

Nnaanza na hilo la Aprili mana ndo linaloumiza majengo mengi hapa kwetu. Kila mwenye gesti anafikiri hivo hivo, wageni wakipungua mwisho wa Machi ndo anaita mafundi. Kwa hesabu ya biashara sawa, kwa hesabu ya jengo ni kinyume kabisa. Masika yanaingia Machi, Aprili ndo yanakolea, Mei yanaondoka, kwa hio wewe unafungua paa katika mwezi wenye mvua kuliko miezi yote ya mwaka. Chokaa unayopiga ukutani inaoshwa kabla haijashika, lami haigandi kwenye sakafu iliyorowa, rangi inafanya malengelenge, na fundi analipwa siku ambazo amekaa barazani anasubiri mvua ikatike. Kazi ya juu na kazi ya nje wakati wake ni kaskazi, Januari na Februari, jua lipo na mvua chache. Najua ndo miezi una wageni. Lakini fundi wa paa halali chumbani kwa mgeni, mpangie saa tu, apande saa tatu asubuhi watu wameshatoka kwenda Jozani au Nungwi, saa kumi ashuke, vumbi lifagiliwe kabla watu hawajarudi. Wageni wakiona nyumba inatengenezwa hawakasiriki, wanakasirika wakitiririkiwa na maji kitandani.

Kazi ya ndani ndo uiweke Aprili na Mei: vyoo, milango, vitanda, rangi za kuta za katikati. Kuta zinazotizama nje usizipake kwa ndani mpaka kipupwe, Juni Julai huko, ukuta umeshakauka.

Sasa hio orodha ya Toronto. Kule adui wao ni maji yanayoganda. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, paipu iliyojaa inapasuka, barafu ikishayeyuka ndo jengo zima linafurika, na ndo mana wanafunga mabomba ya nje na kuyamwaga maji yote, wanazivalisha paipu, wanahudumia boila, na hata jengo likiwa halina mtu hawazimi hita. Hayo mwachie mdogo wako. Lakini usiitupe orodha, mana yaliyobaki ni yetu kabisa: kusafisha gata (ule mfereji wa maji wa ukingoni mwa paa) kabla ya msimu, kupanda juu kulitizama paa kwa macho yako, kuziba nyufa za madirisha, kufuata njia ya maji mpaka nje ya uwanja, kupiga picha jengo zima kabla msimu haujaingia ili kukitokea kitu ujue kipya ni kipi cha zamani ni kipi (na ukiwa na bima picha hizo zitakusaidia), na kuwa na namba za simu za fundi paa, fundi umeme na fundi bomba pahali ambapo mtu wa mapokezi wa usiku anaziona.

Halafu kuna mstari wa uzito wa theluji juu ya paa. Huo usome mara mbili, wewe mwenye sakafu wazi. Theluji mpya ya kina cha sentimita 30 ina uzito wa kilo 30 hivi kwa mita moja ya mraba, ikirowa inazidi. Maji ya sentimita 5 tu yaliyotuama juu kwako ni kilo 50 kwa mita ile ile. Sakafu ya mita za mraba 60 ikizibwa tundu lake na majani usiku mmoja wa Aprili imebeba tani 3, na zimekaa juu ya boriti za mkoko zilizowekwa kabla babu yako hajazaliwa. Watu wa Canada wanatoka na makoleo kulipunguzia paa uzito, sisi tunalala.

Kwa hio kazi ya kwanza kabisa, kabla ya fundi yeyote, ni matundu ya kutolea maji pale juu. Yatafute yote. Mara nyingi mengine yamezibwa zamani, mtu alipaka simenti, au aliweka dumu la maua juu yake. Usikubali sakafu wazi iwe na tundu moja, yawe mawili kwa uchache, na juu kidogo ya hayo, sentimita 5 hivi kutoka sakafuni, utoboe ukutani njia ya dharura, ili matundu ya chini yakiziba maji yapate pa kutokea kabla hayajawa bwawa. Weka wavu wa kushika majani. Mimina ndoo mbili kila pembe uone maji yanakwenda wapi na yanakaa wapi, pale yanapokaa piga alama kwa chaki.

Kuna mafundi watakwambia tuzibe matundu tujaze maji tuyaache siku nzima tuone kama inavuja. Hio ni njia nzuri kwa zege jipya. Kwa sakafu ya boriti usikubali hata kidogo, uzito nimeshakutajia. Tumia mpira wa maji, rowesha kipande kimoja kimoja nusu saa, mtu mwengine yuko chini na tochi anatizama dari, ikianza kutoja unajua ni kipande gani.

Jengine la juu huko ni yale matabaka ya simenti. Kila mwenye nyumba aliyepita akiona uvujaji anamwaga simenti juu ya ile ya zamani. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa kilo 100 na zaidi kwa mita ya mraba, na kila tabaka linapasuka tena mana boriti zinanyumbuka kidogo na simenti hainyumbuki. Ukigonga ikilia kama kuna uwazi chini, hio imeachana, ibanduliwe na ishushwe chini, usiongeze jengine. Chini ya hapo utakuta sakafu ya chokaa ya asili, itengenezwe kwa chokaa, ipewe mteremko kuelekea matundu. Ni kazi ya polepole na fundi wa chokaa si rahisi kumpata lakini bado wapo, uliza.

Na matangi. Umesema una mawili ya lita 2,000, hayo yakijaa ni tani 4. Nnaomba leo leo mtu apande atizame yamekaa juu ya nini. Tangi likae juu ya ukuta mnene au kwenye vyuma vinavyotoka ukuta mpaka ukuta, lisikae katikati ya chumba. Vyumba vya Mji Mkongwe vingi upana wake ni kama mita 3 kwa sababu boriti ndo urefu wake huo, na katikati ndo pahali dhaifu kuliko pote. Tizama na boya la ndani, boya likiharibika maji yanafurika usiku kucha kila siku, ukuta unakunywa, halafu ikija masika mtu anasema mvua imeniharibia nyumba wakati ukuta ulikuwa umerowa tokea Disemba.

Upande wa bati sasa. Ukiwa juu tizama vitu vitatu. Misumari kwanza, ile yenye kutu na ile iliyochomoka na mpira wake umekatika, zote zibadilishwe ziwekwe skrubu zenye raba, na zipigwe kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde ambako maji yanapita. Pili mpandano wa mabati: kwa juu na chini yapandane sentimita 15 kwa uchache na kama paa ni la mteremko mdogo, kama yalivo mengi ya mjini, ongeza. Kwa ubavu, ule ukingo unaoonekana usiutizame upepo wa mvua. Baada ya masika tuna kusi, inatoka kusini mashariki, kwa hio fundi anaanza kuezeka ncha ya kaskazini magharibi anakuja kuelekea kusi. Ukikuta yamepangwa kinyume ndo hapo upepo unasukuma maji chini ya bati na fundi anahangaika na silikoni kila mwaka bila ya kujua sababu.

Tatu, na hapa ndo penye uvujaji mwingi kuliko kwengine kote kwa ninavoona mimi kwenye nyumba za mjini, ni pale bati linapokutana na ukuta wa pembeni uliopanda juu. Watu wanaziba kwa simenti. Bati linapata moto mchana linatanuka, usiku linarudi, simenti inaachia ufa mwembamba hata huuoni, maji yanaingia humo yanateremka ndani ya ukuta na yanatokea ghorofa ya chini kabisa, mwenye duka anasema bomba limepasuka. Dawa yake ni kipande cha bati kilichokunjwa, ncha moja iingizwe ndani ya ukuta kwenye mfereji uliochimbwa, izibwe kwa chokaa, ncha ya pili ilale juu ya bati bila kubanwa ili bati liweze kutembea chini yake. Picha ulizotuma hazionyeshi pahali hapo na mimi nnapataka khasa.

Mabati ya karibu na bahari yanaliwa na chumvi, Malindi uko hatua chache kutoka bandarini, kwa hio ukinunua mapya usinunue membamba kwa sababu ni rahisi. Namba ya geji ikiwa kubwa bati ndo jembamba, geji 32 waachie wa banda la kuku, wewe chukua 28. Na mafundi wakishuka wafagie juu, vichwa vya misumari na unga wa chuma uliokatwa ukibaki juu ya bati jipya ndo kutu inapoanzia.

Gata sasa, na hapa nnataka tufanye hesabu mana watu wanakisia tu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya mvua kubwa wanakusudia zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Paa lako la bati umesema ni mita 12 kwa 15, yaani 180, kwa hio siku moja ya namna hio paa lako linateremsha lita 9,000. Hilo si tatizo likija taratibu. Tatizo ni ile mvua ya ghafla, inamwaga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa hata kama inadumu dakika kumi tu: hapo paa lako linatoa lita 300 kila dakika, ndoo 15 kubwa, kila dakika. Gata liweze kubeba hizo. Kipimo chepesi ninachotumia ni sentimita 1 ya mraba ya tumbo la gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Kila upande wako una mita 90, kwa hio unataka tumbo la sentimita za mraba 90, na hilo ni gata la nusu duara la inchi 6. Mafundi wengi wanapasua paipu ya plastiki ya inchi 4 katikati wanakuwekea, ile tumbo lake ni kama 40, yaani inabeba chini ya nusu ya maji yako, na yaliyobaki yote yanaruka nyuma yanapiga ukuta. Ndo ile alama nyeusi ndefu unayoiona ukutani chini ya gata. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita, vishikio viwe karibu karibu, na kila upande uwe na mabomba mawili ya kuteremshia, siyo moja.

Maji yakishateremka yanakwenda wapi? Hili halijibiwi na watu. Yasimwagwe chini ya ukuta wako, yasimwagwe kwa jirani, na tafadhali sana yasiingizwe kwenye chemba ya choo. Karo na chemba za mjini zimepimwa kwa maji ya watu siyo maji ya mbingu, ukiingiza lita 9,000 humo vinyesi vinatokea barabarani na ndani ya duka la mpangaji wako, na maradhi ya matumbo yanafuata hapo hapo. Yapelekwe kwenye mtaro wa maji ya mvua, na kama mtaro wa mbele yako umejaa mchanga na chupa usisubiri Manispaa peke yao, lipa vijana wausafishe Februari, mita chache za mbele na nyuma yako tu zinatosha kubadilisha mambo. Bora zaidi uyaelekeze mengine kwenye tangi la chini ukapate maji ya kuoshea mashuka na sakafu.

Kuta. Nyumba yako ni jiwe la matumbawe, udongo na chokaa, na ukuta wa namna hio unapumua, unavuta maji kidogo na unayatoa. Ukiupaka plasta ya simenti maji yanaingia kwa kwengine, mana yataingia tu, kutoka chini au kutoka juu, halafu hayana pa kutokea, chumvi inakusanyika ndani, plasta inavimba na kuanguka na jiwe la nyuma yake limeshakuwa unga. Mtu akiona hivo anapiga simenti nene zaidi, au anabandika vigae mpaka kiunoni ili kusionekane, na maji yanapanda juu ya vigae. Ukuta wako wa nyuma wenye simenti iliyotoka vipande vipande, ibandue yote iliyoachana mpaka kwenye jiwe, uache ukuta wazi wiki kadhaa upigwe na upepo wa kaskazi, halafu chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, siyo mchanga wa pwani wenye chumvi. Tabaka nyembamba nyembamba. Jua la Februari linaikausha chokaa haraka mno, itundikiwe magunia yaliyorowa kwa siku kadhaa. Chokaa inashika kwa hewa na kwa taratibu, wiki kadhaa, ndo mana nnakwambia iwe imekwisha kabla ya Machi kuingia.

Ukiwa hapo nje tizama maji ya ac. Kila chumba kina ac yake na kipira kinachoning'inia kinatoja ukutani mchana na usiku, mwaka mzima, na hichi ni kitu watu hawakifikirii kabisa. Ukuta hauna siku ya kukauka. Vikusanye vipira vyote kwenye paipu moja iteremke mpaka mtaroni. Kazi ndogo, pesa kidogo, na ina faida kuliko rangi yoyote ya bei ghali unayouziwa ya kuzuia maji.

Tizama na vimti vinavyoota kwenye nyufa na juu ya kuta, jamii ya mitini ile, ndege wanaleta mbegu. Usiridhike kuvikata, vinachipua tena na mzizi unazidi kuwa mnene na kupasua. Chimbua mzizi wote kikiwa kidogo, ziba kwa chokaa. Kama shina limeshakuwa nene kama mkono usiling'oe kwa nguvu mana utatoka na ukuta, hapo mwite mtu anayejua.

Na boriti, zinaoza ncha. Kule zinapoingia ukutani ndo hakuna hewa, ukuta ukirowa ncha inaoza huku katikati inaonekana nzima kabisa. Chukua bisibisi ndefu, dunga karibu na ukuta, ikiingia bila ya nguvu hio imekwisha. Anza na vyumba vya chini ya yale matundu ya juu na chini ya matangi. Ukikuta mbili zimeoza jirani, chumba hicho kifungwe, mgeni asilale humo, wekeni nguzo za kushikilia mpaka zibadilishwe. Sote tumeona Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, jengo la 1883, sehemu yake ilivoanguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki. Sitaki kukutisha dada yangu, lakini jengo la mawe na boriti huwa linatoa ishara mapema, ufa unaokua, mlango ulioanza kukwama, sakafu inayocheza, na anayeishi humo ndo wa kwanza kuziona, kwa hio waulize wafagiaji wako, wao wanajua kuliko sisi.

Kabla ya kugusa nje nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe ukachukue kibali, kwa paa, kwa plasta, hata kwa gata linaloonekana barabarani. Nenda wiki hii, na picha zako. Mara nyingi wao wenyewe watakuonyesha fundi wa chokaa.

Chini kwenye maduka nitakwenda haraka. Maji yakiingia duka la chini, la kuogopa kwanza ni umeme. Soketi za chini zote zipandishwe ziwe juu ya pale maji yalipofika mwaka wowote ule wazee wanaoukumbuka, na stoo hivo hivo, mizigo ikae juu ya mbao. Mita ya Tukuza (ile ya umeme wa kulipia kabla) na sakiti breka zisiwe chini ya bomba wala chini ya pahali panapovuja. Fundi umeme mwenye leseni akuwekee ile breka inayojikata yenyewe umeme ukivuja, apime na athi. Jenereta isiwekwe ndani ya ukumbi mvua ikinyesha, moshi wake unaua watu wamelala. Wapangaji waandikie: kila mmoja ajue breka yake iko wapi, na nani ana ufunguo usiku. Vizuizi vya mlangoni, ubao mzito na magunia ya mchanga, viwe tayari ndani siyo vya kutafutwa.

Upepo nao. Watu wanasema Zanzibar hatuna vimbunga. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikalaza mikarafuu mashamba kwa mashamba, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia, hapo jirani tu. Hata bila ya kimbunga, upepo unalishika paa kwenye kingo, pembe na kilele cha juu, kwa hio sehemu hizo skrubu ziwe nyingi zaidi, na mbao za paa zifungwe kwa vyuma kwenye ukuta, siyo misumari tu. Kibao cha gesti, dishi, sola na miavuli ya juu vikazwe au viteremshwe. Komeo za madirisha ya roshani zijaribiwe moja moja.

Ghala la Wete ni habari nyengine. Pemba mvua ni nyingi kuliko huku na ardhi ni vilima, na umesema ghala limechimbiwa kwenye mlima, ukuta wa nyuma umekaa karibu na udongo. Hapo paa hata likiwa zima maji yatakuja kutoka nyuma. Chimba mfereji nyuma ya ghala, mita moja au zaidi kutoka ukutani, uyakate maji ya mlimani kabla hayajafika na uyazungushe pembeni, utie mawe ili usimomonyoke. Udongo uliolundikana ukagusa ukuta uondolewe mpaka sakafu ya ndani iwe juu kuliko ardhi ya nje. Usikate zaidi ule mlima ili kupata nafasi, na nyasi zilizopo usizifyeke mpaka udongo ukabaki mtupu. Kama unaweka karafuu humo, gunia lisiguse sakafu wala ukuta, acha upenyo wa mtu kupita.

Pesa. Umeniambia kiasi ulichonacho na ni kweli hakitoshi vyote. Ingekuwa yangu ningefanya hivi: matundu ya juu na njia ya dharura, halafu ule mpaka wa bati na ukuta, gata na mabomba yake, vipira vya ac, umeme wa chini, na mfereji wa Wete ambao ni kazi ya mikono tu. Boriti zilizooza hazingoji zamu, hizo ni roho za watu. Chokaa ya ukuta wa nyuma ukishindwa mwaka huu fanya nusu, ubandue simenti iliyoachana na uache jiwe wazi, halitapendeza lakini litakauka, umalizie kaskazi ijayo. Rangi ya mbele uiondoe kwenye hesabu kabisa, najua unataka ing'are kabla ya wageni wa Juni, ila rangi juu ya ukuta uliorowa ni pesa ya kutupa.

Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha usikae ndani. Panda na tochi juu ya dari, zunguka vyumba vyote, piga alama kwa chaki kila penye tone na uandike saa mvua ilipoanza na saa tone lilipoonekana. Likitokea hapo hapo tatizo liko juu yake, likitokea saa mbili baadae maji yametembea ndani ya ukuta, na fundi atakushukuru kwa hilo.

Nitumie picha ya pale bati linapokutana na ukuta, pande zote mbili, na ya chini ya matangi, ili nikwambie kabla hujaagiza vifaa.